Shada la Rangi ya Gauni

Haya, nitegulie kitendawili hiki: angali hai, nguo zake kavu, akishakufa, nguo zake bado mpya. Nani huyo? Usikimbilie kujibu. Twende kwanza kwa fundi cherehani.

Fundi alifiwa na mkewe. Akabaki na binti yao, waliyemwita Chiriku kwa kutofunga mdomo. Marehemu alikuwa ameomba, "Kaburini niwekeeni yale maua ya njano yasiyonyauka." Fundi akachukua kipande cha gauni la njano la mkewe, akapanda nacho kilimani. Akalinganisha rangi kama anavyolinganisha uzi. Akachuma yaliyochanua kabisa, akasuka shada.

Siku si nyingi, shada likawa manyoya matupu ya mbegu, upepo unayapeperusha.

"Baba," Chiriku akauliza, "mama ametukasirikia?"

Fundi alikaa akikanyaga cherehani, na kitambaa hakikuwepo.

Jirani yao alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kuhifadhia mimea iliyokaushwa. Alikuja kuchukua sketi yake, akaliona kwenye kona lile shada, fundi alikuwa amelirudisha kutoka kaburini.

"Shemeji, haya siyo yale yasiyonyauka."

"Si ya njano?"

"Njano ni rangi tu. Wewe kitambaa unakijua kwa kukipapasa, ua ukaliamini kwa macho?"

Fundi alitabasamu, mara ya kwanza tangu msiba.

Wakapanda kilimani wote watatu.

"Shika hapa, chini ya ua," jirani akasema. "Hili vijani vyake ni laini. Litanyauka. Na hili?"

"Linakwaruza kama karatasi!" Chiriku akasema. "Limeshakufa?"

"Liko hai, mwanangu. Hivi vya njano si petali, ni vijani vikavu vinavyolizunguka. Maua haya ni ukoo mmoja, ila ndani ya ukoo kuna nyumba nyingi, ndizo tunaita jenasi. Tunazitenganisha kwa vijani na mbegu, si kwa rangi. Hata wataalamu walizichanganya, wakachunguza tena, wakazipanga upya."

"Kumbe hata wao!" fundi akasema.

"Hata wao. Sasa hili lichume kabla halijafunguka lote. Litundike kichwa chini, pakavu, pasipo jua."

Maua yakakaukia chumbani kwa fundi, juu ya nyuzi zake. Akasuka shada jipya, wakalipeleka kaburini.

Mvua ikanyesha, maua yakajifunga. Jua likatoka, yakafunguka tena, njano ile ile, nguo zake bado mpya. Chiriku alisimama mbele ya kaburi, kimya. Fundi akapiga goti, akamshika bega.

"Hakukasirika, mwanangu. Ni baba yako tu alikuwa hayajui maua."