Fundi Cherehani Apaka Rangi Sebule

Fundi cherehani alikuwa na mikono mizuri, na mikono hiyo haikujua kukaa bure. Mkewe alipokwenda kumwangalia dada yake aliyejifungua, ikaanza kumwasha. Akaitazama sebule. Kuta zilikuwa zimechakaa, na pale watu wanapoegemeza vichwa palikuwa peusi.

"Mama yenu akirudi kesho, ataikuta mpya," akawaambia watoto.

Watoto walikuwa wawili. Mkubwa, msichana wa miaka minne, aliitwa Bosi kwa sababu ya kuamrisha watu. Mdogo ndiyo kwanza alikuwa amejua kukimbia. Huyo aliitwa Tingatinga, na kila aliyewahi kuacha glasi juu ya meza alijua sababu.

Baba akafungua kopo la rangi. Akamimina mafuta ya taa ya kusafishia brashi kwenye chupa tupu ya soda, akaifunga, akaiweka sakafuni. Kisha akapanda juu ya meza.

"Kaeni kwenye kochi. Msiguse kitu."

"Tingatinga, usiguse kitu," akasema Bosi.

Amri hiyo haikudumu hata kona moja ya ukuta. Tingatinga alikanyaga kifuniko cha kopo, akaenda chumbani, akapanda kitandani, akarudi. Nyayo za rangi zilionyesha safari yote. Baba alipokuwa anazifuta, Bosi alikuwa anapaka viatu vya baba.

"Vilikuwa vimezeeka," alieleza.

Baba alipookoa viatu, Tingatinga alikuwa ameukumbatia ukuta mbichi. Ikawa patashika. Huku kunafutwa, kule kunapakwa.

Hatimaye akarudi juu ya meza, jasho likimtoka. Kukawa kimya. Akashukuru.

"Baba," akasema Bosi, "Tingatinga anakunywa soda yako."

Baba hakushuka mezani, alianguka. Mtoto alikuwa ameishika chupa kwa mikono miwili, anatafuna kifuniko. Akampokonya. Kifuniko kilikuwa bado kimekaza. Baba akakaa chini, katikati ya rangi.

Kishindo kile kikamleta jirani. Alikuwa fundi rangi, na mama wa watoto watatu. Akanusa kinywa cha Tingatinga, akakikagua kifuniko.

"Hajaonja. Pole, shemeji."

"Niliona wametulia," akasema baba.

"Watoto wakinyamaza, nenda ukaangalie. Na mafuta haya hayawekwi kwenye chupa ya kinywaji hata siku moja. Mtoto anaona soda. Yaache kwenye chombo chake, juu, ndani ya kabati lenye kufuli."

"Je, angeyameza?"

"Usimtapishe. Akitapika, mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize hospitali, na chombo nenda nacho, waone alichokunywa."

Baba akayarudia maneno hayo taratibu, yasimtoke.

"Kwa hiyo kazi niiache?"

"Usiiache, ipange. Fungua madirisha, funga mlango. Anaingia anayepaka tu. Kama hakuna mtu mzima mwingine wa kukaa na watoto, hupaki. Ukipumzika, usiache kitu sakafuni, hata ndoo ya maji."

"Mtu mzima mwingine nitamtoa wapi?"

"Leo nipo mimi. Nina gauni linanibana, utalipanua."

Akawapeleka watoto uani. Akawapa brashi kuukuu na maji kidogo ndani ya bakuli.

"Ukuta huu ni wenu. Upakeni wote."

Wakapaka kwa bidii. Jua likakausha, wakaanza upya. Baada ya muda Bosi akamlalamikia jirani kwamba rangi yake ni mbovu. Sebuleni, baba alipaka peke yake, na kazi ikaenda kama mteremko.

Kesho yake mkewe alirudi. Alisimama mlangoni, akaugusa ukuta kwa kidole.

"Umepaka wewe?"

"Mimi."

"Na watoto?"

Akamweleza yote, hata la chupa. Mkewe alimbeba Tingatinga, akakaa naye hivyo kwa muda mrefu.

"Chumba cha kulala nitapaka mimi. Wewe utakaa nao."

Fundi cherehani akautazama ukuta wake kwa huzuni.

"Ukuta ni kazi rahisi," akasema. "Haukimbii."

"Ndiyo maana nimeuchagua," akasema mkewe.