Kinda Aliyetazama Juu

Ilikuwa Ijumaa, tarehe mbili Februari, saa kumi na mbili asubuhi. Jogoo aliwika. Tausi walilia. Babu hakuamka.

Babu Mhina alikuwa amefariki.

Babu alikuwa babu yake Chiku. Walikaa pamoja Muheza, kwenye michungwa mingi. Babu alifuga tausi.

Kila asubuhi Babu alifagia banda. Alibadilisha maji. Alinyunyiza majivu kwenye kiota, utitiri usiingie.

Na kila makinda ya tausi yalipoanguliwa, vidole vya Babu vilikuwa vya njano.

"Baba, kanawe mikono!" Mama alimwambia.

Babu alicheka tu. "Hii ni kazi, mwanangu."

Kabla Babu hajafa, tausi jike alitaga yai moja, akaenda zake. Hakutaka kulikalia.

Babu aliliokota yai polepole. Akaliweka chini ya kuku Madoa. "Mtunzie mwenzio," akamwambia.

Lile lilikuwa yai la mwisho la Babu.

Babu alikwenda. Madoa hakuondoka. Alilikalia yai. Akalikalia. Akalikalia.

Asubuhi moja, tok! Tok, tok! Ganda likapasuka.

"Mama! Njoo! Yai la Babu limeanguliwa!"

"Alhamdulillahi," Mama akasema. Akatabasamu. Hakuwa ametabasamu tangu Ijumaa ile.

Mama alichemsha yai la kuku. Akaponda kiini chake, laini kabisa. Akakiweka kwenye kisahani, mahali pakavu.

Madoa alichakura. Kwaru, kwaru! Aliita. Ko, ko, ko! Okota, mwanangu, okota!

Piu, piu. Kinda akatazama juu. Hakula.

Kesho yake Madoa alichakura tena. Kwaru, kwaru! Ko, ko, ko!

Piu, piu. Kinda akatazama juu. Hakula.

Mbaruku, kaka yake Chiku, akachungulia bandani. "Ona huyo! Anaringa, na mkia hana!"

"Usimcheke," Chiku akasema. "Ana njaa."

"Sasa si ale? Chakula kiko miguuni pake."

Mama alimpakata kinda. Alikuwa mwepesi kama pamba.

"Asipokula leo, hatutakuwa naye," Mama akasema taratibu.

Chiku akamkumbuka Babu. Yai lake la mwisho. Kinda wake wa mwisho.

Jioni Mama akaweka sinia mkekani. Wali na maharage. Mvuke ulipanda.

Zamani tonge la kwanza lilikuwa la Chiku. Babu alilifinyanga, akamtilia mdomoni. Sasa mahali pa Babu palikuwa patupu.

Chiku alitazama sinia. Hakula.

"Lo! Na huyu naye tausi?" Mbaruku akauliza.

"Nyamaza wewe, kula," Mama akasema.

Mama akafinyanga tonge. Dogo, la mviringo. Akalinyanyua. "Haya, mwanangu. Fungua mdomo."

Chiku akatazama juu. Ham! Akala.

Kisha akaacha kutafuna. Macho yakamtoka.

"Mama! Kinda hatafuti chini. Anatazama juu. Anangoja kulishwa!"

Wakatoka mbio, wote watatu. Jua lilikuwa bado lipo.

Chiku akachota kiini kidogo kwa ncha za vidole. Akavikutanisha vidole, vikawa kama mdomo wa ndege. Akavishikilia juu ya kichwa cha kinda.

"Bismillahi," akanong'ona.

Piu, piu. Kinda akatazama juu.

Dop!

Akala!

Dop! Dop! Dop!

"Kumbe mlafi!" Mbaruku akapiga kelele. "Mama, tazama, mlafi huyu!"

"Polepole, Chiku," Mama akasema. "Tumbo lake ni dogo."

Mama alikuwa anacheka. Machozi nayo yalikuwa yanamtoka.

"Basi tausi hulisha watoto wake mdomo kwa mdomo," akasema. "Madoa ni kuku. Angejuaje?"

Halafu akaushika mkono wa Chiku. Akavitazama vidole vyake. Vilikuwa vya njano.

"Kama vya Babu!" Chiku akasema.

"Kama vya Babu," Mama akasema.

"Nikanawe, Mama?"

"Bado, mwanangu. Mlishe kwanza."

Kila siku Chiku alimlisha kinda. Kila siku aliteremsha vidole kidogo. Chini kidogo. Chini tena.

Mpaka asubuhi moja mkono wake ukalala chini kabisa, kando ya kisahani.

Kwaru, kwaru! Madoa akachakura. Ko, ko, ko!

Piu, piu. Kinda akatazama chini.

Dop! Akaokota mwenyewe.

"Haya, sasa aringe," Mbaruku akasema. "Ana haki."

Usiku ule kinda alilala chini ya bawa la Madoa. Kulikuwa kukavu. Kulikuwa na joto.

Chiku alinawa mikono, akapanda kitandani. Pembeni ya ukucha mmoja, njano kidogo ilikuwa imebaki. Hakuisugua.

Mama akakaa karibu naye. Wakainua mikono pamoja.

"Ewe Mwenyezi Mungu, mrehemu Babu Mhina. Lifanye kaburi lake liwe bustani ya peponi. Mlishe matunda ya huko, kama alivyotulisha sisi. Amina."