Sikukuu za Wengine

Wiki mbili kabla ya siku ya mavazi, duka la vitambaa lilifurika watu, wanasukumana utadhani wanagawiwa bure. Binti wa fundi cherehani alijipenyeza hadi mbele, akadaka jora la mwisho la kijani. Papo hapo mkono mwingine ukalishika upande wa pili.

"Samahani, dada, hili nililiona mimi tangu mlangoni."

"Wewe umeliona, kaka, mimi nimelishika. La nini?"

"La kuzungushia jukwaa."

"Jukwaa ni mbao tu, halina aibu. Mimi nina kina mama kumi na wawili wanasubiri magauni. Watembee uchi?"

Kijana akacheka mpaka nyaya alizoning'iniza begani zikatikisika. Alikuwa fundi umeme, mrefu, shati la buluu limepauka, bisibisi imechomoza mfukoni. "Chukua, yaishe. Ila nipe namba ya simu, nijue kama kina mama walivaa."

Katika nchi ile kila jamii ilikuwa na sherehe zake na vazi lake, na mara moja kwa mwaka wote walikutana uwanjani, wakapita mbele ya jukwaa na ngoma zao, kila kundi na rangi yake. Karibu wote walishonewa na baba wa binti huyu, fundi aliyejua vazi la kila jamii, pindo na tarizi. Sifa hizo zilijaza duka lake mwaka mzima. Sherehe moja ikiisha, nyingine inabisha hodi. Na binti hakuwahi kuhudhuria hata moja.

"Bi Sindano, umekula?" kijana alipiga simu kila mchana.

"Niache, nina pini mdomoni."

"Basi usiseme. Guna tu nikusikie."

Akaguna. Upande wa pili kikasikika kicheko, naye akaona mashavu yanapata moto, peke yake na cherehani kule chumba cha juu ya duka la baba.

Walionana mara tatu, chapuchapu, kwenye kona ya mtaa. Alimpenda, na hilo hakulikana moyoni mwake. Lakini kila alipoalikwa mahali alikuwa na sababu. Siku kijana alipomwomba waende wakapate chai na dada zake, alijibu, "Siwezi, mpenzi. Nimekuja kwa shangazi, anaumwa."

Saa tisa alasiri simu ikaita tena.

"Shangazi anaendeleaje?"

"Afadhali kidogo."

"Geuka dirishani."

Akageuka. Ng'ambo ya barabara kijana alikuwa juu ya ngazi, kamba ya taa mkononi, anamtazama uso kwa uso.

"Kama kuna mwanamume mwingine, sema. Kama unaona haya kwa kuwa mimi si wa jamii yenu, sema pia."

"Si hivyo."

"Ni nini basi?"

Jibu lilikuwa chini pale, dukani. Macho ya baba yake yalikuwa yamekufa, mwaka wa tatu sasa. Aliona vivuli tu. Alimwapisha binti yake asimwambie mtu, na tangu siku hiyo kila nguo iliyotoka kwa jina la baba ilishonwa na yeye. Kutoka hata kwa muda wa saa mbili kulimaanisha mteja kuingia na kumkuta mzee anapapasa.

"Siwezi kukwambia," alisema. Kijana akakata simu.

Siku tano hakupiga. Binti alishona huku kitambaa kikilowa, akipanga magauni ya furaha ya watu, na kuta za chumba zikamsogelea. Ya sita, akishuka ngazi na mzigo wa nguo zilizopigwa pasi, alimsikia mteja dukani. Mama wa makamo alisimama kupimwa, na nyuma yake, amenuna, ameletwa kwa lazima, ni yule kijana.

Kwa kawaida baba alizungusha futi, binti akasoma na kuandika. Leo mzee hakumngoja. Alizungusha futi kiunoni, akabana kwa kidole gumba. Akaisogeza puani. Jasho likamtoka. Mama akaanza kumshangaa.

Kijana akainama. "Arobaini na mbili, mzee. Mama, umenenepa!"

"Mshenzi wewe!" Mama alimpiga kofi la mgongo, akicheka. Kijana akasoma mabega, akasoma mikono, kwa sauti ya utani, mpaka mwisho. Kisha akainua macho, akamwona binti kwenye ngazi.

Simu iliita walipotoka tu. "Nisamehe, mpenzi. Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu."

"Na umebeba peke yako?"

Hapo ndipo alipolia kwa sauti.

Siku ya mavazi, asubuhi, alishuka amevaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe. "Baba, naenda uwanjani."

Mzee alishtuka. "Na mteja akija?"

"Mwambie fundi ametoka."

"Unataka kunivua nguo mbele ya watu, mwanangu?"

"Hapana, baba. Nataka kupumua." Akafungua mlango, akatoka.

Uwanja ulikuwa umejaa rangi, na karibu kila rangi ilikuwa imepita mikononi mwake. Kijana alimshika mkono kando ya jukwaa. Simu ikaita. Baba.

"Alikuja mteja. Nimemwambia fundi ni binti yangu."

"Akasemaje?"

"Kachukua kitambaa chake, kaondoka. Anasema nimemdanganya." Mzee alivuta pumzi. "Usirudi haraka. Nimekaa mlangoni, nasikia ngoma."

Binti alifuta macho kwa kiganja.

"Nije na wazee kwa baba yako?" kijana aliuliza.

"Njoo nao."

"Na siku ya harusi tutavaa vazi la kwetu au la kwenu?"

"Utavaa nitakachokushonea," alisema, akamvuta kuelekea ngoma zilikokuwa zinalia.