Mwembamba wa Mbio Tatu

"Mwalimu, muulize sasa! Jua linaniingia kwenye lenzi!" Kirit alifoka nyuma ya kamera, miguu yake ikiwa ndani ya maji ya ziwa mpaka kwenye ndara.

Eufrazia akasogeza maikrofoni yao iliyovishwa soksi ya Damayanti, mke wa Kirit, ili upepo wa ziwa usiingie.

"Protase, unajisikiaje baada ya kuogelea leo?"

"Najisikia njaa, Mwalimu."

"Watazamaji wangependa kujua mengine pia."

"Waambie Mwalimu anapendeza asubuhi."

Kirit akacheka hadi picha ikatikisika. Eufrazia hakucheka. Alikuwa akiwasikia akina mama waliokuwa wakifua pale ufukweni.

"Mtazame mbavu zake. Mwana wa watu amekwisha."

"Slimu hiyo. Na bado wanamtupa majini, waitu!"

Protase naye alisikia. Akavaa shati lake la mikono mirefu kabla hata mwili haujakauka.

Huo ulikuwa mwaka tisini na mbili. Kirit, mwenye duka la vitambaa Bukoba mjini, alikuwa na kamera moja ya kupigia harusi na misiba, na siku hizo misiba ilikuwa imezizidi harusi kwa mbali. Akachoka kupiga picha za majeneza. Akajiambia atatengeneza kitu chenye watu wanaopumua: kaseti saba, jina lake Mbio Tatu, kuhusu wanaume watatu waliokuwa wakilipwa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, vyote kwa mpigo mmoja. Kulikuwa na Mihayo, mvuvi wa visiwani. Kulikuwa na Mustapha, kijana wa mjini. Na kulikuwa na Protase wa Kagoma, aliyejifunza kuogelea vitani, daraja la Kyaka lilipolipuliwa na wao askari wakatakiwa kuvuka mto hivyo hivyo.

Mafuta ya gari na malipo ya wale watatu yalitoka kwa Bwana Kagaruki, mwenye kiwanda cha sabuni Mwanza, aliyetaka sabuni yake itangazwe kwenye kaseti. Maswali yalikuwa ya Eufrazia, mwalimu wa shule ya msingi, kwa kuwa Kiswahili chake kilinyooka na hakudai chochote ila usafiri.

Kila kaseti ikikamilika ilionyeshwa kwenye kibanda cha video. Na kila Protase alipotokea bila shati, kibanda kizima kilipiga kelele: "Slimu! Slimu!" Slimu lilikuwa jina la mtaani la UKIMWI. Ndivyo ilivyokuwa Bukoba ya miaka ile: mtu mnene alisalimiwa, mtu mwembamba aliombewa. Nani angeamini kwamba mtu amekonda kwa kukimbia? Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja.

Jumatatu simu ya dukani iliita. Bwana Kagaruki alikuwa na tabia ya kupiga kelele kwenye simu kana kwamba anataka kufika Bukoba bila waya, kwa hiyo Eufrazia, aliyekuwa upande wa pili wa kaunta, alisikia kila neno.

"Kirit! Huyo mtu wako mwembamba anaua sabuni yangu!"

"Mzee, ni mazoezi. Anakimbia kutoka Kagoma mpaka Ijumbi na kurudi, kila siku."

"Watu hawajui mazoezi, wanajua kukonda! Apime. Kaseti ya saba aonyeshe cheti mbele ya kamera. Hana cheti, hana mkataba, na nyinyi hamna mafuta."

Kirit akaweka simu chini polepole.

"Umesikia, Mwalimu?"

"Nimesikia."

"Mwambie wewe. Mimi akinitazama nitashindwa. Wewe anakupenda."

"Kirit!"

"Nina kamera, Mwalimu. Naona anavyotazama."

Eufrazia alimkuta Protase nje ya nyumba yake Kagoma, baiskeli imegeuzwa juu chini, anaupaka mnyororo grisi. Akamwambia yote bila kupamba. Protase akafuta mikono kwa majani ya mgomba.

"Kwa hiyo na wewe unaona nimekonda?"

"Mimi naona unafanya mazoezi."

"Asante. Umekuwa wa kwanza." "Nitapima. Lakini siendi peke yangu. Twende wote."

"Mimi wa nini? Mimi sishindani."

"Wewe ninataka kukuoa. Miezi minane nakuambia, na kila nikitaka kuingia ndani kwako unasema bado. Sawa, nimevumilia. Tupime, tuchukue majibu yetu, nije Maruku kwa mama yako na kahawa na pombe kama watu."

"Nina madaftari ya kusahihisha wiki hii."

"Eufrazia, kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Alisema hakuna kitu, na kwa namna fulani alisema kweli, maana ndani yake hakukuwa na kitu tangu Machi, siku alipopokea majibu yake Mwanza. Alisoma kile kikaratasi mara mbili, akakunja, akaenda sokoni kununua vitunguu. Hakulia wala hakuogopa. Alikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi. Karatasi aliichomeka ndani ya andalio la somo, na kila siku alilibeba darasani.

Marehemu mume wake alikuwa dereva wa lori la samaki, na alipinduka nalo mlimani kabla mwili wake haujasema lolote. Ajali ikamsitiri, na mjane wake naye akasitirika. Eufrazia alibaki mnene, mwenye mashavu. Hakuna aliyemtilia shaka, na hapa ndipo dhambi yake ilipokaa: alijua kwamba macho yote yakiwa kwa Protase, hakuna atakayemtazama yeye. Mara nne alikaa kibandani wakimzomea Protase slimu, naye akatazama mbele.

Alipofika Maruku jioni ile, mama yake, Klaudia, alikuwa na lake.

"Nimesikia yule wa baiskeli anakutaka."

"Nani kakuambia, Ma?"

"Mimi nimezika watoto watatu, mwana wange. Naijua hali ile. Umebaki wewe, Mungu amekuachia mwili wako. Usiende kumpa mgonjwa."

"Si mgonjwa."

"Umejuaje?"

Eufrazia akachukua kisu, akaanza kumenya ndizi. Akamenya mpaka sufuria ikajaa.

Baada ya wiki mbili na siku kadhaa, mtoto wa shule alimletea barua iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi:

"Mpenzi Mwalimu Eufrazia, siku ile niliyokutumia salamu nilikungoja hospitali mpaka saa sita, hukuja. Nimepima peke yangu. Majibu ninayo, sijamwonyesha mtu. Jumamosi mashindano yanaishia Muleba mjini na Kirit atarekodi kaseti ya mwisho. Nitakuwa na swali moja kwako. Naomba siku hiyo usiniambie bado. Wako, Protase."

Jumamosi Muleba ilifurika. Kirit alikuwa amefunga spika mbili juu ya pikapu na kuziunganisha na maikrofoni ili watu wasikie mahojiano. Mihayo alitoka majini wa kwanza, kama kawaida ya watu wa visiwani, lakini baiskeli yake ilipata pancha kilimani. Protase akafika mwisho wa mbio yuko peke yake, shati mkononi, mbavu zote nje. Na umati, badala ya kumshangilia, ukanong'ona.

"Sasa, Mwalimu," Kirit alisema nyuma ya kamera.

"Protase, umeshinda. Una lolote la kuwaambia watazamaji?"

Protase akatoa bahasha ya nailoni aliyoifunga kiunoni. Ndani yake karatasi ilikuwa kavu.

"Nimezomewa mwaka mzima. Hiki hapa cheti cha hospitali, kina muhuri. Sina ugonjwa. Nimekonda kwa sababu nyinyi mnakwenda Ijumbi kwa gari, mimi nakwenda kwa miguu!"

Muleba yote ikalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakamrukia kumshika mkono. Waliokuwa wakimwita slimu ndio waliopiga kelele kuliko wote. Protase akangoja watulie, akamgeukia Eufrazia.

"Swali langu ni dogo, Mwalimu. Utaolewa na mimi?"

Eufrazia aliishusha maikrofoni mpaka usawa wa kifua. Akamsogelea sikioni, akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Siwezi, Protase. Mimi ndiye ninao. Nimejua tangu Machi."

Mwaka mzima alikuwa ameishika maikrofoni ile, na siku hiyo akasahau kuizima. Spika mbili za Kirit zikayachukua maneno yake, zikayapeleka mpaka stendi.

"...Mimi ndiye ninao. Nimejua tangu Machi."

Mama mmoja akamvuta mwanawe nyuma. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema wahenga. Eufrazia aliumbuliwa na waya.

"Machi?" Protase aliuliza.

"Machi."

Protase akaikunja karatasi yake mara nne. Akapanda baiskeli yake iliyoegemezwa kwenye pikapu, akaondoka, kiatu kimoja kikamvuka asikiokote. Eufrazia alimtazama mpaka akapinda kona, kisha akamrudishia Kirit maikrofoni.

"Betri inakwisha," alimwambia. Ndilo neno pekee lililomjia.

Zikapita wiki tatu. Wazazi wawili waliwahamisha watoto wao darasani kwake. Siku ya kwanza tu Klaudia aliweka ndizi kwenye jani moja la mgomba, akaketi, akaanza kula upande wake.

"Njoo ule, zinapoa," alisema. Wakala pamoja, jani moja.

Jumapili moja mchana Eufrazia alikuwa akianua kahawa uani aliposikia kengele ya baiskeli. Protase akashuka. Alikuwa amekonda zaidi.

"Sikuja kukusamehe bado," alisema.

"Sawa."

"Kuumwa si kosa. Huo ugonjwa hukuutafuta. Lakini kibandani, Eufrazia! Walipokuwa wakinizomea, wewe ulikuwa umekaa mstari wa mbele. Ulikuwa ukijua."

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wakikutazama wewe, hawanitazami mimi."

Protase akashusha pumzi. Alitegemea atadanganywa, na alikuwa amejiandaa kwa uongo. Kwa ukweli hakujiandaa.

"Angalau umesema," alijibu hatimaye. Akakaa kwenye kinu kilichogeuzwa. "Kirit anauliza kama afute kile kipande cha mwisho."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia maneno yako ayaache kama unakubali. Lakini akate pale ninapoondoka na baiskeli. Aibu ile ni yangu."

Eufrazia akaitikia kwa kichwa. Protase akatoa mfukoni kitambaa, ndani yake tunda moja la kahawa lililokaushwa. Akalipasua kwa meno. Mbegu mbili zikatoka, zimetazamana.

"Babu yangu alifanya omukago, udugu wa damu, na rafiki yake kwa hizi. Walichanjana, kila mmoja akaipaka mbegu damu yake, akammezesha mwenzake. Baada ya hapo hawakuweza kuachana, hata wagombane vipi."

"Protase, damu yangu..."

"Najua. Sisi tutakula bila damu. Nimemuuliza daktari mambo mengine yote ya mume na mke, kanieleza tutakavyojilinda, kanipa na boksi zima. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto."

Akamwekea mbegu moja kiganjani. Eufrazia akaipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa, akaitia mdomoni. Ilikuwa chungu. Miezi mingi alikuwa hajaonja kitu kikawa na ladha.

"Na siku nitakapoanza kukonda?" aliuliza. "Watasema."

Protase alitafuna ya kwake taratibu.

"Waache waseme. Nitawaambia mke wangu yuko mazoezini."

Eufrazia akacheka. Akacheka mpaka akainama, na alipoinuka alikuwa akilia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Machi. Klaudia akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akamwona mwanawe analia, akamwona mwanamume mwembamba amemshika. Akaushusha mwiko.

"Wewe wa baiskeli," alisema, "umekula?"