Zamu Moja, Milango Sita

Pikipiki ya Elinipa iliikatia Prado njia, mita mia kabla ya Kikatiti.

"Shuka."

Bastola yake, Glock, ilikuwa imeshaelekea kwenye kioo cha dereva. Vossen, mwenye kampuni ya mitambo ya maji, alishuka akitabasamu, kishikwambi mkononi. Tabasamu lile lilimkera Elinipa kuliko risasi mbili alizorushiwa tangu Usa River.

Redio ilikoroma. Alikuwa Twahir, mkuu wake katika idara ya usalama.

"Mitambo ya bwawa la juu inatii kishikwambi hicho tu. Milango yote ya maji inafunguka saa sita kamili. Vijana wa kompyuta wanataka muda wa saa mbili kusoma alichobadilisha Vossen kwenye programu."

"Sasa hivi saa ngapi?"

"Sita kasoro dakika nne."

"Na huku chini, korongoni?"

"Gulio. Watu mia tano."

Vossen akacheka. "Wakisombwa, mtamlaumu Susana. Halafu mtanunua mtambo wa kampuni yangu."

Elinipa alimsogelea. Susana, fundi wa kompyuta wa Kimandolu, alikaa miaka mitatu na wakulima wa kahawa akitazama wanavyogawana maji. Akaunda programu ya kuendesha bwawa, isiyoandikwa bali inayochorwa. Mlima juu, mashamba chini, kila mlango na zamu yake. Wataalamu walimcheka, eti mchezo wa watoto.

Elinipa alimnyang'anya Vossen kishikwambi.

Kompyuta alifeli mara mbili chuoni. Lakini mchoro huu ulikuwa sawa na mfereji wa baba yake. Milango sita, na yote imeunganishwa kwenye zamu moja.

"Mpumbavu wewe. Nani huwapa wote maji kwa mpigo?"

Akaikata kwa kidole mistari sita iliyoiunganisha.

Saa sita ikafika, ikapita. Redio ikakoroma tena.

"Milango haijafunguka," Twahir alisema. "Susana yuko hapa. Anauliza umesomaje haraka hivyo."

"Mwambie amechora vilevile tunavyogombania maji mferejini."

Alimtia Vossen pingu, akazifunika kwa koti, akamshusha korongoni, akampitisha katikati ya gulio. Bibi mmoja muuza parachichi aliinua uso.

"Karibu, mgeni."

"Msalimie," Elinipa alimnong'oneza Vossen. "Ulitaka afe saa sita."

Vossen alitazama chini.

"Msalimie, nimesema."

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Bibi akachagua parachichi lililoiva, akamnyooshea.

Elinipa alilichukua, akalirudisha kwenye fungu taratibu.

"Huyu usimpe kitu, bibi."

Akamkabidhi Vossen kwa polisi waliokuwa darajani, akairudia pikipiki yake barabarani, akaiwasha, akaondoka bila kuaga.