Kompyuta ya Taa za Rangi

Kila asubuhi kabla ya masomo, Efrazia alimsaidia mama yake kupanga peasi sokoni Lushoto. Hakuna mchuuzi aliyeweza kumlaghai. Kabla ya kununua tenga alilipindua, maana juu hupangwa matunda manono na chini hufichwa yaliyooza. Kwenye matunda alikuwa na akili. Kwenye mengine alikuwa na mdomo tu.

Baada ya kusoma kompyuta muhula mmoja, alijiona amemaliza elimu. Mjomba wake Kristian, mhariri wa video za harusi na kwaya, alitaka kompyuta ya kuendesha skrini tatu: moja ya kukatia picha, moja ya sauti na moja ya wateja kutazamia. Basi Jumamosi akamchukua Efrazia na mwanafunzi mwenzake, Mwanaidi, wakaenda dukani kwa Mzee Mbaraka.

Simu ya mjomba ikaita. Ilikuwa kwaya ya Mlalo, iliyotarajiwa kesho yake kuja kutazama video yake. Akabaki nje akiongea.

"Mnataka kompyuta ya kazi gani, wanangu?" Mzee Mbaraka akauliza.

Efrazia hata shikamoo hakutoa. Akabetua midomo. "Kazi ni kazi tu. Tupe hiyo yenye taa."

"Tumwambie ni ya skrini tatu," Mwanaidi akanong'ona.

"Ushamba huo! Taa zote hizi ishindwe na skrini? Labda uchukue ile kompyuta isiyo na taa, lile sanduku jeusi, ukatagishie kuku."

Mjomba akaingia, akalipa akiamini wameshaeleza kazi yake, wakaondoka.

Studioni, taa zilimetameta kwa mbwembwe. Nyuma ya kompyuta palikuwa na tundu moja tu la skrini. Skrini mbili zikabaki giza.

"Mzee Mbaraka ametudanganya!" Efrazia akaropoka. "Nilimwambia ni tatu!"

Kristian akafura kwa hasira. "Tapeli mkubwa! Leo soko zima litamjua."

Mwanaidi akamkazia macho mwenzake. Efrazia akawaza mzee wa watu akizomewa bure, akamkimbilia mjomba. Mjomba alikuwa amefika mlangoni.

"Mjomba, nimesema uongo. Aliniuliza, nikambeza."

Kristian akamtazama kwa dharau iliyouma kuliko fimbo. "Twende ukamwambie mwenyewe."

Dukani, Efrazia akaanza na shikamoo, kisha akaomba radhi huku akilia. Mzee Mbaraka akaitikia marahaba, akapokea kompyuta ya taa na kuwapa lile sanduku jeusi. Safari hii Efrazia aliligeuza kwanza, akahesabu matundu matatu.

Jioni skrini zote zikawaka. Video ya Mlalo ingekuwa tayari.

"Tenga la peasi unalipindua," mjomba akasema, "lakini kompyuta hukuigeuza, kwa sababu ulijiona unajua. Kuuliza si ujinga, Efrazia. Ujinga ni kukosea kwa kiburi, kisha kumtwika mwenzako kosa lako."