Vitanda Ndani ya Manowari

Mama aliamka na malengelenge kwenye viganja vyote viwili, na jana yake hakufanya kazi yoyote zaidi ya kubadilisha kola za mashati ya watu. Cherehani haimchubui mtu viganja. Aliyakodolea macho, akaenda kuyamwagia maji ya chumvi, akafyonya.

"Uzee huu nao unakuja na mambo yake," alisema.

Mwanawe hakuinua kichwa. Alikuwa mezani tangu alfajiri na koleo lake dogo, akifunga kamba kwenye mlingoti wa kati wa meli yake ndogo ya mbao. Mtaa mzima ulimwita Digrii, na si kwa heshima. Shahada ya historia, daraja la kwanza, picha ya joho ukutani, na tangu siku ile hajaajiriwa hata kufagia. Jumba la makumbusho lilimwambia "tutakupigia." Sasa njaa nayo ukiiambia utaipigia, inaondoka? Basi akaapa kuwaonyesha. Angeunda manowari ya kale ya matanga, mbao tupu, kila kitu kama kilivyokuwa, kisha aende kuitua mezani kwa yule mkurugenzi wao aliyepewa kiti na mjomba wake.

Na aliiunda kweli. Mkuku kama uti wa mgongo, mataruma kama mbavu, sitaha tatu, mizinga midogo kama njugu, kila mzinga na kidirisha chake chenye kifuniko. Wengi wanaounda meli za mapambo huliacha tumbo tupu, maana nani atachungulia? Digrii alikataa.

"Historical accuracy, Mama. Humo ndani walilala watu."

Akamshonesha mama vitanda vya turubai vya kuning'inia, kila kimoja urefu wa kidole, safu kwa safu, akavifunga kwenye boriti za sitaha ya chini. Mabaharia wenyewe hakuwachonga. Alisema wangeonekana kama midoli, kazi yake igeuke kichekesho. Vitanda tayari, watu hakuna.

Mchana ule jirani muuza mkaa alisimama mlangoni. "Digrii! Chombo kinang'oa nanga lini? Tumechoka kukuona nchi kavu."

"Siku hiyo nitakuacha gatini na magunia yako."

"Lakini bimkubwa mbona kakonda hivi? Au ndiye anayekuvutia kamba?"

Jirani akaondoka anacheka. Mama hakucheka. Alikuwa amesinzia kwenye cherehani, kidevu kifuani, na Digrii alipogeuka kumwekea mto aliona mikono ya mama yake ikipanda polepole, vidole vikashika kitu hewani ambacho hakikuwepo, vikavuta, mkono juu ya mkono, mabega yakifuata, pumzi ikimtoka kwa mguno kama wa mpagazi aliyezidiwa na mzigo, na pale mezani, ndani ya chumba kisicho na upepo hata wa kutikisa uzi, tanga kubwa likajitweka hadi nusu ya mlingoti, na harufu ya lami, baruti na jasho la watu wengi waliofungiwa pamoja ikajaa chumbani.

"Mama! Mama, amka!"

Alifungua macho kwa shida. "Usipige kelele," alinong'ona. "Yule wa filimbi atasikia."

"Nani?"

"Msimamizi wa mabaharia. Kila nikifumba macho nakuta zamu yangu imefika. Nimechoka, mwanangu. Nimechoka hadi meno."

Digrii alinyakua mkasi akakata kamba ya tanga. Mama akapiga yowe. Kwenye kifundo cha mkono wake mstari mwekundu ulifunguka, ukaanza kutoa damu. Mkasi ukamdondoka.

Aliyajua haya, na ndiyo yaliyomuuma. Alikwisha kuyafanyia mtihani na kupata alama ya juu. Manowari zile hazikutangaza nafasi za kazi. Wanaume walikamatwa mitaani kwa marungu, wakazindukia baharini. No CV, no interview.

Mganga aliyeitwa amtazame Mama alikuja jioni, mwanamke wa makamo mwenye miwani na mkoba wa plastiki, naye akipiga miayo, maana siku hiyo alikuwa ametoka nyumba nyingine zenye mambo yake. Alitega sikio kwenye ubavu wa meli, akakaa hivyo muda mrefu.

"Kuna nahodha humu," alisema. "Jini. Hukumwita kwa mdomo, ulimtandikia."

"Shangazi, please. Hiyo ni mbao na gundi."

"Vitanda vyote hivi ulimtandikia nani? Majini nao wanatafuta pa kukaa. Huyu kapata chombo kamili, kimekosa watu tu. Ameanza na mkono ulioshona."

"Basi tuichome."

"Mama yako yumo."

"Nichonge mabaharia!"

"Wa mti? Mti anao tayari. Anataka mikono." Mganga alivua miwani akaifuta, hakumtazama. "Huwa anamwachia aliyekamatwa akipata anayekuja kwa hiari yake. Ningekuwa na dawa nyingine ningekupa, baba."

Kutoka mkekani mama alisema, "Usithubutu. Mimi nimekula chumvi nyingi. Niache niende."

Lakini pumzi yake ilikuwa inakatika, na katikati ya pumzi na pumzi ilisikika kamba ikikwaruza mbao.

Mganga alipokwisha kuondoka, Digrii alipiga magoti mezani, akainua kifuniko cha kidirisha kimoja kwa ukucha.

"Nimeomba kazi kila mahali," aliliambia lile giza dogo. "Uzoefu sina. Mikono ninayo. Mwache mama yangu alale."

Ndani, filimbi ililia mara moja, fupi.

Mama aliamka jua likiwa limepanda, ana njaa, viganja vikavu. Alimkuta mwanawe chini ya meza, ana joto, anapumua. Alimwita. Akamtikisa, akammwagia maji, akampiga makofi huku akilia. Kisha akachukua tochi anayotungia uzi, akachungulia kidirishani. Vitanda vyote vilikuwa bapa isipokuwa kimoja. Hicho kilikuwa kimebonyea katikati kama kimebeba mtu, kikibembea taratibu, na meli yenyewe imetulia tuli.

Simu ya Digrii ikaita kati ya visu na gundi. Mama akaipokea, akaitikia.

"Habari za asubuhi, mama. Tunapiga kutoka jumba la makumbusho. Ile nafasi imepatikana, tunamhitaji mwenye simu hii Jumatatu. Tunaweza kuongea naye?"

Mama alimtazama Digrii. Mikono ya mwanawe ilikuwa imepanda hewani, vidole vimekunjwa, inavuta. Kwenye kiganja cha kulia lengelenge la kwanza lilikuwa linajaa maji.

"Hapana, mwanangu," alijibu kwa sauti ya chini, yule wa filimbi asisikie. "Yuko kazini."